Mtoto wa Kabla

Ifahamike kwa wakazi wote wa Kaloleni, Nairobi, na vitongoji vyake kwamba, kuanzia leo, utapiamlo wa mama na mtoto umepigwa marufuku.

Hivyo ndivyo Bwana Phares Lusweti, Mratibu wa Kamati Maalumu ya Lishe Bora, alivyotangaza kwa kipaza sauti mwaka ule wa 1994. Akina mama walimpigia makofi, kwa sababu nyuma yake, kupitia dirisha la stoo ya Kamati, waliona magunia ya unga wa uji na njugu yamepangwa hadi darini.

"Tunagawiwa saa ngapi?" aliuliza Nafula, mwanawe Austine akiwa mgongoni.

Lusweti alitabasamu kwa huruma. Chakula kisichozinduliwa, alieleza, bado si chakula, ni shehena. Kitakuwa chakula Mheshimiwa Mkurugenzi atakapokata utepe, ratiba yake ikiruhusu. Kikitoka kijiko kimoja kabla ya hapo, mradi mzima utakuwa batili.

Tena Mkurugenzi alipenda ushahidi. Alitaka kuonyeshwa mtoto aliyekonda kabla ya mradi, kisha picha ya mtoto yuleyule amenona baada yake. Lusweti akapita akikagua watoto mmoja mmoja mpaka akamfikia Austine, mbavu nje, shingo imechoka kubeba kichwa. Moyo ukamruka kwa furaha. Akamvika kibao cha kadibodi kilichoandikwa KABLA.

"Hongera, mama. Mwanao ameteuliwa. Ila asinenepe mpaka siku ya uzinduzi."

"Na akinenepa?"

"Hiyo itakuwa hujuma."

Nafula hakucheka. Mumewe Opicho alishinda kwenye mageti ya Industrial Area akitafuta kibarua, jioni wakanywa chai ya rangi wakalala, na maziwa kifuani yalikuwa yanakauka. Aliogopa kwamba huo uzinduzi ungefika mtoto hayupo.

Mkurugenzi akaahirisha. Alikuwa Mombasa, kwenye semina ya njaa, na semina ilikuwa imenoga. Akaahirisha tena. Lusweti, akichelea wananchi wasije wakapoa, akatoa tangazo la pili, ambalo yeye binafsi aliliona la busara kuliko la kwanza: kila mkazi afike kwa Nafula akamwone Mtoto wa Kabla, ili auelewe ukubwa wa tatizo.

Hapo ndipo alipoteleza. Alikuwa amesomea mambo mengi ya lishe, lakini alisahau lile alilofunzwa na mama yake kule Bungoma, kwamba mtu haendi kuona mtoto mikono mitupu.

Wa kwanza alikuwa Mama Celine wa mlango wa pili, na sufuria ya uji wa wimbi. "Serikali imesema tuje kuona mtoto," alisema. "Sasa ningekuja hivi hivi tu, kama askari wa kanjo aliyekuja kukamata wachuuzi?" Wakaja wanawake wa kanisani na mayai na ndizi. Wakaja vijana wa gereji, wameficha maziwa ya pakiti ndani ya ovaroli. "Niaje, mathe. Tumekam kucheki mtoi. Shika hii, na usiseme ni sisi." Wakaja mpaka watu wa mahakama ya Makadara ambao siku hiyo hawakuwa na kesi, wamebeba omena. Kila aliyetoka alisema mbona tatizo halionekani, ikabidi wengine waje kuhakikisha.

Nafula alikula. Maziwa yakarudi. Lusweti alipokuja kukagua, alimkuta Kabla ana mashavu.

"Huyu mtoto anakwenda kinyume cha mpango!"

"Si ni wageni wako, afisa," alisema Nafula. "Karibu. Na wewe umekuja kumwona?" Akautazama mkono wake.

Lusweti akautazama pia. Alihisi mama yake amesimama pale mlangoni. Akafungua mkoba, akatoa chapati zake za mchana, akaziweka mezani na kuondoka amenuna.

Hatimaye Mkurugenzi akaja. Meza kuu ilikuwa imeandaliwa mbele ya stoo, kuku wa kukaanga wamefunikwa vitambaa vyeupe. Utepe ukakatwa, mlango ukafunguliwa. Magunia yalikuwa yametobolewa yote. Ndani ya moja la njugu, mama panya mnene, manyoya yanang'aa, alikuwa akinyonyesha wanawe.

"Aki ya Mungu, mradi umefaulu," alisema Mama Celine. "Mama na mtoto, wote wamefikiwa."

Watu wakavunjika mbavu. Mkurugenzi akakohoa. "Yuko wapi yule mtoto aliyekonda?"

Nafula akasimama na Austine, mashavu tele, anatafuna kona ya kibao chake. "Ndiye huyu. Njoo umwone, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akamwita mpiga picha, akanyoosha mikono ampakate mtoto. Nafula hakumpa. Aliitazama ile mikono. Mama Celine akaitazama. Mkutano mzima ukaitazama.

"Kwenu ni wapi, baba?" aliuliza Mama Celine kwa upole.

"Busia," alijibu Mkurugenzi, sauti imemshuka kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Naye alikuwa amelelewa. Akageukia meza kuu, akameza mate. "Lusweti. Lete kuku."

"Wote, Mheshimiwa?"

"Na wa kwako."

Akina mama wakaketi meza kuu na watoto wao. Nafula alianza na firigisi, ambayo kwao haimpiti baba wa nyumba, akaitafuna polepole huku akimtazama Mkurugenzi. Wakubwa walisimama ukutani. Hawakuwa wametia kitu tumboni tangu asubuhi, maana walikuwa wanawekea hao kuku nafasi.

"Sasa hii picha ya Kabla na Baada," aliuliza mpiga picha, "nani anasimama wapi?"

Nafula akampangusa Austine mafuta mdomoni. Akamvua kile kibao, akaenda mpaka ukutani, akamvika Mkurugenzi.