Mkalimani wa Mama Wardoyo

Jumatatu, 1 Septemba
Bahati imebisha hodi! Jirani yangu Khadra, wa duka la nguo, alizika mume wake Wardoyo mwezi jana. Leo mama mkwe amefika kutoka Java. Hajui Kiswahili. Hajawahi kumkubali Khadra. Khadra anataka akae hadi arobaini, waombe dua pamoja, wapatane. Na ni nani Kitengela nzima anajua Kijava? Mimi, Njogu! Miaka mitatu Jeddah, lori moja na Paijo, Mjava. Nimejitolea kuwa mkalimani. Mwelu, mwalimu mstaafu, ameniuliza kama nina hakika. Wivu tu.

Jumanne, 2 Septemba
Nimempigia Paijo. Ameshtuka. Eti Kijava chetu cha lori ni cha marafiki. Kwa mzee kuna maneno ya juu. Kula kuna maneno matatu. Hata "kwa sababu" iko mbili: merga ya chini, amargi ya juu. Nani alikaa akapanga haya? Nimeandika ya juu kumi na mawili. Paijo alitaka kueleza yanavyotumika. Nikakata simu, nilikuwa na haraka ya kunyolewa.

Jumatano, 3 Septemba
Suti. Salamu. Kisha nikatumia maneno ya juu yote kujieleza: jinsi nilivyokula, nilivyolala. Lazima mtu ajulikane cheo chake. Mama akanitazama. Khadra akaniomba niseme mambo mawili tu: kwamba Wardoyo alikufa akimwita mama yake, na kwamba anamsihi abaki. "Kufa" halikuwa kwenye orodha. Nikatumia la lori: mati. Mama akaweka kikombe chini, akalia bila sauti. Nikamwambia Khadra ameguswa.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemsimulia Paijo, nikitarajia pongezi. Badala yake amenipa somo. Maneno ya juu ni ya kumwinua mwenzako. Hakuna Mjava anayejiinua nayo. Na mati ni ya mbuzi na injini. Mtoto wa mtu ana neno lake, seda. Kumbe nilimwambia mama kwamba mimi mheshimiwa nimeshiba, na mwanawe amekufa kama mbuzi. Kwa niaba ya Khadra! Aibu imeninyima chakula cha mchana. Nimekula saa kumi.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeenda kuomba msamaha. Nimechelewa. Mama ameondoka asubuhi, wiki moja kabla ya arobaini. Khadra hakunifokea. Ameniuliza tu nilimwambia nini mama. Nikasema Wajava hawapendi kukaa ugenini. Mwelu alikuwa hapo, amejifunga shali ya mama. Jana alikaa naye wakichambua mchele, hawakusemezana neno, na mama akamwachia shali. Khadra hakuachiwa kitu.

Ijumaa, 12 Septemba
Arobaini. Mkeka wa mama mkwe umetandikwa, hakuna aliyeukalia. Khadra alikuwa akiutazama dua nzima. Nilikaa karibu na mlango na roho iliniuma, nakiri.

Lakini nimesikia kuna Mkorea anajenga kiwanda upande wa Isinya. Wakorea nao wana maneno ya juu! Nimeshika sita tayari. Nimeyajaribu mbele ya kioo, kwangu mwenyewe. Yananikaa vizuri sana.