Fahali wa Kilo Mia Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimekata shauri. Kaunta basi! Tangu nimalize shule nauza nyama kwenye bucha ya mjomba, na sauti yangu haifiki ng'ambo ya mizani. Leo mteja aliuliza kama mimi ni bubu. Nikamjibu la. Hakusikia.

Mjomba anatafuta mtu wa kumchagulia ng'ombe mnadani. Kazi niliyoumbiwa! Ng'ombe hawaulizi maswali. Ila binti yake naye anaitaka. Tunamwita Jicho, kwa sababu anajidai kumjua ng'ombe kwa kumtazama tu. Mimi nina daftari langu la kilimo la shule. Limepigiwa mstari mwekundu: ng'ombe mzito hutoa sehemu kubwa zaidi ya nyama kuliko mwepesi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nikamsomea mjomba. Akasema nirudie, hakusikia.

Jumanne, 5 Machi

Shindano! Mjomba amesema ng'ombe hununuliwa kwa kilo angali hai, lakini yeye hauzi kwato wala mavi. Kwa hiyo kila mmoja achague fahali mmoja zizini. Ijumaa watapimwa wakiwa hai, kisha ipimwe nyama ikiwa kwenye kulabu. Atakayepata nyama nyingi zaidi katika kila kilo mia za ng'ombe hai ndiye mshindi. Atakayeshindwa ataosha matumbo mwezi mzima.

Jicho kachagua mfupi kama kigoda, kilo mia tatu. Mimi nimechagua mwekundu, kilo mia tatu na sitini. Jicho akaniuliza kama nimempenda kwa kuwa naye hasemi. Wakacheka wote. Jibu zuri nilikuwa nalo, lilinijia jioni nikiosha vyombo.

Jumatano, 6 Machi

Nimewaza. Ikiwa uzito ndio siri, mbona niridhike na huu alionao? Nikamlambisha chumvi. Akanywa ndoo tatu! Nikamlambisha tena.

Jicho kapita, kaona, kakunja uso, kaenda zake. Wivu!

Alhamisi, 7 Machi

Mchinjaji amepita kuagiza kwamba fahali wasipewe chakula tangu leo jioni. Maji na kupumzika tu. Jicho kaondoa majani yote mbele ya wake. Amechanganyikiwa! Atampunguza uzito! Nilimhurumia yule fahali mfupi, kisha nikayahamishia majani yake kwa wangu.

Agizo la mchinjaji nililisikia. Lakini daftari halikulitaja.

Wangu akashiba, akakataa kula. Nikamkimbiza kuuzunguka ua mara tisa mpaka hamu ikarudi. Tulihema wote wawili. Kisha chumvi. Kisha ndoo nne. Azma ni azma.

Ijumaa, 8 Machi

Kilo mia nne kamili! Nilipiga kelele, na safari hii nilisikika mpaka barabarani. Wa Jicho mia tatu tu, hata gramu haikuongezeka. Nikamtazama Jicho usoni kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Kisha mchinjaji akapasua tumbo la wangu. Akaruka nyuma. Buti zake hazikuwahi.

Kulabuni: wa Jicho kilo mia na hamsini na tatu. Wangu mia na themanini na nane. Nikaanza kushangilia. Mjomba akaniinulia kidole, akapiga hesabu kwa chaki ukutani. Wa Jicho, nyama kilo hamsini na moja katika kila mia. Wangu, arobaini na saba.

Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, tumbo si nyama." Akaongeza kwamba daftari halikukosea. Ningemwacha na zile kilo zake mia tatu na sitini, ningepata hamsini na mbili. Ningeshinda! Halafu akaibonyeza nyama yangu: nyeusi, kavu, ng'ombe hakupumzika. Wateja wataikimbia.

Jicho akasema pole, ng'ombe hasomi. Akanikabidhi ndoo na brashi. Tumbo la kwanza kuosha ni lile lile nililolijaza kwa mikono yangu. Halikuwahi kuingia tumbo kama hilo katika bucha hii.

Jumapili, 10 Machi

Nimeosha matumbo siku mbili. Mikono yangu hata mbwa anaiogopa. Lakini mjomba ana huruma: mwezi ukiisha nitajaribu tena.

Na sasa nimeigundua siri ya Jicho. Njaa! Nilipekua hesabu za chaki. Usiku mmoja wa njaa ulimpa hamsini na moja. Mimi, bila njaa, arobaini na saba. Kila usiku wa njaa, basi, huongeza kilo nne. Nikazidisha. Siku kumi na nne bila majani: mia moja na tatu!

Kilo mia na tatu za nyama katika kila mia ya ng'ombe! Nimerudia hesabu mara tatu. Iko sawa. Nimeiandika daftarini na kuipigia mstari mwekundu.

Kulabu zilizopo hazitatosha. Kesho nitamwambia mjomba aongeze. Kwa sauti.