Mshenga wa Riwaya Yangu

Jumamosi, 1 Februari

Zebunissa ameandika riwaya. Naandika tena ili niamini: Zebunissa wa ghorofa ya kumi na nne, mjane, mzaliwa wa Tanga, bingwa wa kababu, ameandika riwaya ya Kiswahili! Jengo hili lilikuwa na mwandishi mmoja. Mimi. Flemingdon Park nzima, mtaa wetu huu wa Kanada, ilikuwa na mwandishi mmoja. Kaniambia kwenye lifti, kwa sauti ya mtu aliyetoka kununua vitunguu. Nilimpongeza. Mashavu yaliniuma kwa kutabasamu. Ana kwa ana ni Bi Zebunissa, maana kanizidi umri. Humu ndani ni Zebunissa mtupu.

Kibaya zaidi: kaipeleka kwa Alykhan. Alykhan yule yule wa kampuni ya uchapishaji ya Daraja Mbili, kijana mwenye ofisi juu ya duka la simu, aliyetangaza kwamba mwaka huu atachapa riwaya ya Kiswahili. Moja! Yangu iko kwake tangu Oktoba. Nafasi moja, wanawake wawili. Hata mitala ina nafuu.

Kibaya kupita vyote: kaandika kwa penseli, kwenye madaftari, na aliyempigia chapa kwenye kompyuta ni binti yangu wa kumzaa. Nimemweka Brightness kitako. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba alilia akiichapa. Nikauliza, na yangu je? Kasema ataisoma likizo. Hakutaja ya mwaka gani.

Jumatatu, 3 Februari

Redieta ya kupashia nyumba joto imegoma. Nimekwenda maktaba kuota joto, nikakuta profesa anazungumza juu ya waandishi wanawake wa Uingereza, wale wa zama za Malkia Victoria, na jinsi walivyopatana na wachapishaji wao. Nilikwenda kwa ajili ya joto, nikatoka na silaha!

Wale mama hawakuwa wajinga. Riwaya moja mtu anaitoa juzuu tatu. Akitajiwa bei hasemi ndiyo. Anakaa kimya, mpaka mchapishaji anaanza kutokwa jasho. Na wengine hawakwenda sokoni wenyewe kabisa. Anayepatana ni mwanaume wa nyumbani. Bibi yuko ndani, anaumwa kichwa.

Na mimi? Nilijipeleka kwa Alykhan kwa miguu yangu, na sambusa juu! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilijitembeza. Aibu imenishika hapo hapo kwenye kiti cha maktaba.

Ningemtuma mume wangu Japhet, lakini Japhet ni mtu mwema na hapo ndipo penye tatizo. Alipokwenda kununua gari alimwambia muuzaji kwamba bei ni ndogo mno, asije akapata hasara. Nahitaji mtu mzima mwenye ulimi. Mtu aliyezoea kukaa sebuleni kwa watu na kutoka na alichotumwa.

Nimempata! Mshenga!

Jumatano, 5 Februari

Nimetoka Crescent Town kwa Mzee Elias. Kijana wa Kitanzania akitaka kuoa mji huu, Mzee Elias ndiye anayetumwa kwa wazazi wa binti. Hajawahi kurudi mikono mitupu. Kuna mmoja alimposea kwa njia ya video, mtandao ukawa unakatika katika, na bado akapewa.

Nilimweleza. Akasema mshenga hutoka upande wa muoaji, yeye hajapata kuona binti anatuma mshenga. Nikamwambia hii ni Kanada. Alifikiri kidogo, akaomba suti yake ipelekwe kwa dobi. Tumekubaliana.

Mpango ni huu. Riwaya ni binti. Alykhan ni muoaji. Mzee atamweleza kwamba mtoto yupo, analelewa vizuri, ila nyumba hii ina mila zake: mkaja wa mama, yaani zawadi yangu mimi niliyemzaa; blanketi la bibi; mbuzi wa wajomba. Nilimkumbusha kwamba Alykhan kazaliwa huku huku, Kiswahili chake ni cha kuombea chai kwa bibi yake. Mzee kasema mila haihitaji tafsiri.

Na sharti kuu: posa ikija, kimya! Ukijibu siku ile ile, watu watasema binti alikuwa kadoda. Mwenye mali hana haraka. Hayo hayo ya wale mama wa Victoria. Dunia ni moja jamani!

Nimeanza kuigawa riwaya juzuu tatu. Haikutosha. Nimeongeza shangazi wawili na msiba.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee Elias kaenda, karudi. Kavaa suti, kaufunga mswada wangu kwenye kitenge, kaubeba kifuani. Alykhan alidhani kaletewa mtoto mchanga. Akampa kiti. Akauliza kama Mzee ni mwanasheria wangu. Mzee kajibu kwamba yeye ni zaidi ya hapo.

Kisha akamwaga maneno. Anasema kijana alisikiliza kwa adabu na kuandika kila kitu. Blanketi akaandika. Mbuzi akauliza kama ni lazima awe hai. Mkaja hakuuelewa, lakini akaandika. Mzee ameridhika. Anasema nyumba ina matumaini.

Halafu, akiwa amesimama kuvaa koti, ndiyo ananiambia: mezani kwa Alykhan ulikuwepo mswada wa Zebunissa. Umefunguliwa katikati. Kuna machozi yamelowanisha ukurasa. Nimeuliza machozi ya nani. Mzee kasema huenda ni chai. Wangu, ule wa mwanzo, ulikuwa chini ya kikombe.

Chini ya kikombe! Wali wa jioni nimeurudisha sufuriani. Japhet kanipa maji, kasema labda kikombe kilikuwa kitupu. Huyo ndiye mume wangu.

Jumatano, 12 Februari

IMEKUJA!

Mkataba, kwa barua pepe. Na mlangoni mfuko mkubwa, ndani yake blanketi! Zito, la buluu, na kadi ndogo: kwa bibi. Alykhan anasema kaipenda riwaya yangu, ile ya kwanza, isiyo na shangazi. Anataka kuichapa. Anaomba jibu kabla ya Jumatatu, kwa sababu asipochapa yangu atachapa nyingine. Nimepiga vigelegele mpaka jirani kagonga ukuta.

Nyingine! Najua ni ipi. Nimecheza kidogo jikoni, peke yangu.

Japhet kasema nijibu sasa hivi. Kasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimemtazama kwa huruma. Nimempigia Mzee Elias, kasema haraka haraka haina baraka, na kwamba blanketi limekuja lakini mbuzi bado, mkaja bado. Kwa methali wametoka sare, ila Mzee ana uzoefu.

Nimekaa kimya. Blanketi lina joto sana. Nimejifunika nalo, nikawa sijibu.

Ijumaa, 14 Februari

Alykhan kapiga simu kazini! Mimi niko mapokezi kwa daktari wa meno, simu zote ni zangu. Nikabana pua, nikasema Domina, yaani mimi, hayupo, yuko ndani anang'olewa jino. Kanipa pole nimfikishie. Kauliza kama Domina hupata barua zake. Nimemwambia Domina ana barua nyingi. Nikasikia anameza mate. Anahangaika! Mambo yanaenda!

Jioni chumba cha kufulia, Zebunissa. Kaniuliza, Mama Brightness, umesikia lolote kwa Alykhan? Nimemjibu kwamba siwezi kusema, jambo liko kwa wazee. Alinitazama sana. Kisha akafungua kopo na kunipa kababu, za moto bado. Nani huenda kufua na kababu? Huyu mwanamke ana hila. Nimezila zote nikitafuta hila iko wapi. Tamu mno. Hilo nalo linaniudhi.

Jumanne, 18 Februari

Theluji imezika magari yote, na mimi pamoja nayo.

Zebunissa alibisha hodi asubuhi. Alikaa kwenye ncha ya kochi. Kasema jana Alykhan kampa yeye nafasi. Kasema kijana alisubiri jibu langu, hakuliona, akajua nimekataa.

Nimekataa! Mimi!

Nilimwambia hongera, nikaenda jikoni kutengeneza chai. Nilifungua bomba ili asisikie. Nimelia. Niandike tu, daftari hili halina mdomo. Miaka yote hii nimeiandika riwaya ile saa za mapumziko, huku upande wa pili wa ukuta watu wanachongwa meno. Nilishachagua gauni la uzinduzi. Sasa nikawa namwona Zebunissa ndani ya gauni langu, anasaini vitabu, ukumbi mzima unasimama, na mimi niko nyuma nagawa sahani. Wivu si kitu kidogo.

Nikarudi na chai. Kaniuliza kwa upole kwa nini nilikataa. Nikamwambia sikukataa, nilinyamaza. Posa haijibiwi siku ile ile.

Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Kasema hata yeye, Tanga, marehemu mumewe alingojeshwa na baba mkwe mpaka akakonda. Kasema Alykhan ni mtoto wa huku, huyo ukinyamaza anajua umekufa. Atakwenda kumweleza. Kitabu chake yeye kinaweza kungoja mwakani, kimengoja miaka mingi ndani ya sanduku.

Akavaa viatu vyake vya theluji, akaondoka. Nimebaki na vikombe viwili. Sielewi. Nani anakataa kuchapwa?

Jumatano, 19 Februari

Barua ya pili! Na mbuzi!

Paja zima, limegandishwa, kutoka bucha ya Waislamu. Alykhan anaomba radhi. Anasema Bi Zebunissa kamweleza, na kwamba hakujua kimya ni sehemu ya mazungumzo. Nafasi ni yangu. Ila mtambo wa kuchapa kaupanga, Ijumaa saa sita mchana kazi inafungwa, baada ya hapo hawezi tena. Mwisho kaandika kwa Kiswahili, neno moja moja, unaona alivyosumbuka: Tafadhali mama jibu.

Nimemjibu hapo hapo: Asante kwa mbuzi. Basi. Adabu tu.

Japhet kasema jibu. Brightness alitoka chumbani, kasimama mlangoni, kasema, Mama, jibu. Kwa Kiswahili! Sikumbuki mara ya mwisho. Nilifungua mkataba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, naapa.

Ndipo nikawaza. Zebunissa kaiachia nafasi kwa nini? Mtu haachii kitu kizuri. Ama mkataba una ubaya ambao yeye kauona mimi sijauona, ama kapata mchapishaji mkubwa huko katikati ya mji, na hiki ananirushia mimi. Namwona kabisa, kule juu ghorofa ya kumi na nne, anacheka na kilemba chake. Mimi nile kiporo cha Zebunissa?

Nimempigia Mzee Elias. Kauliza swali moja: mkaja umekuja? Haujaja. Kasema basi.

Nimefunga kompyuta. Mbuzi nimempika mchuzi wa nazi. Japhet alikula kanipa mgongo, ila alirudia sahani.

Jumamosi, 22 Februari

Ijumaa imepita. Saa sita ilipofika nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimevaa hereni, nangoja mkaja. Mlango haukugongwa. Saa saba nikavua hereni.

Leo kaja Zebunissa, macho mekundu. Kitabu chake kiko mtamboni. Kasema alimsihi Alykhan angoje, kijana kasema mtambo haujui mila. Kasema anaona kama kaniibia. Alinishika mikono yote miwili. Nikatafuta hila usoni mwake, sikuiona. Mficho wa hali ya juu!

Kisha kaniambia, ili kunipoza, kwamba jina langu limo kwenye ukurasa wa shukrani. Nimeuliza limekaa wapi. Kasema baada ya la Brightness. Baada ya Brightness!

Jioni Mzee Elias alikuja kumalizia mchuzi. Tumekaa, tumelipitia jambo hili kuanzia mwanzo, hatua kwa hatua, bila kuoneana haya. Maana kosa lipo, na asiyetafuta kosa lake atalirudia. Tumetafuta sana. Mzee ndiye aliyeliona, kijiko kikiwa mdomoni. Nilisema asante kwa mbuzi. Mwenye binti hashukuru! Ukishukuru umejitembeza, kijana kaona hapa pamenyooka, akatia kiburi mkaja asilete.

Roho imetulia sasa. Nimeanza kusafisha juzuu ya pili. Shangazi nimewaongeza wawe wanne. Na Alykhan akileta barua nyingine mwakani, hata asante hapati.