Ombi la Kusogeza Ukuta Ulioikosesha Koki Nafasi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Michoro, ambaye tukishatoka kazini ni Shemeji,

Natumai u mzima, kadiri mtu awezavyo kuwa mzima huku koki ya bomba kuu imechomoza juu ya meza yake. Nimepokea agizo lako kwamba Jumatatu nihamie stoo. Sikufichi, nimelia. Kuchora mabomba ndiyo kazi pekee niijuayo. Hivyo, kwa heshima na taadhima, nalalamika.

1. Nimeonewa. Niliiamuru kompyuta iweke koki umbali wa mita tatu, ikaiweka mita tatu. Fundi bomba akafuata mchoro. Sote tulitii. Aliyekaidi ni ukuta, uliojipachika kati ya chumba cha pampu na ofisi yako.

2. Unasema mwendesha pampu anakukera kwa kupanda mezani kwako kila anapotaka kufunga maji. Mzee wa watu ana adabu zake, huvua viatu kwanza. Wangapi wangevua?

3. Kompyuta haikosei hesabu, na mimi tatu naijua tangu utotoni. Basi aliyekosea ni mwashi wa enzi hizo, aliyejenga bila kuuliza mabomba yangu yangepita wapi.

4. Naomba ukuta usogezwe kuelekea dirisha lako, ili koki ibaki upande wa pampu. Ofisi itabana, nakubali, lakini mkubwa ni jalala.

5. Ukuta ukisogea, mchoro utakuwa sahihi. Mchoro ukiwa sahihi, sina kosa. Na mtu asiye na kosa hapelekwi stoo, hupandishwa cheo. Nimesikia huna naibu.

Msalimie sana dada yangu, watoto, na yule mama anayekufutia matone mezani.

Wako kwa utii na kwa undugu,
Mchoraji wa Mabomba (hadi Ijumaa)

Tanbihi: Nimefungua mchoro nijiridhishe. Kumbe kompyuta huanza kupima kutoka kitu cha mwisho ulichokigusa, na mimi niligusa koki ya kwanza, ile iliyo jirani na ukuta wako, badala ya kona ya chumba cha pampu. Nimegusa kona, nikaandika tatu ile ile, koki ikatua chumba cha pampu, sawia kabisa. Ukuta hauna hatia, Shemeji. Tafadhali mzuie mwashi niliyemtuma asubuhi kwa jina lako. Nasikia nyundo tayari, na najua kiti chako umekiegemeza hapo hapo.