Maua Yangu Hayataki Jua

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Pokea salamu zangu, na natumaini ule mgongo umepata nafuu. Mimi ni yule fundi saa wa nyumba ya mwisho, ambaye miaka yote hii amekuwa akikuandikia kuhusu ukuta mrefu wa jirani yake, mshona nguo, unaomnyima jua uani. Jana nilipata jibu lako: ukuta utabomolewa Jumatatu. Nakuandikia kulalamika, kwa heshima zote, kwamba umenisikiliza.

1. Ofisi yako inajulikana kwa kutojibu barua, na ndiyo sababu tunaiandikia. Mtu anatoa dukuduku lake, anafunga bahasha, analala usingizi mzuri. Sasa wewe umejibu bila hata kunionya! Ungenipuuza kidogo tu zaidi, kama ulivyozoea kuwapuuza wenzangu, leo sote tungekuwa salama.

2. Ulipokuwa umenyamaza, huku mambo yaligeuka. Jirani alichoka kunisikia nikinung'unika, akanipitishia juu ya ukuta mzizi uliofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha gauni, akasema pasipo jua hupandwa kipenda kivuli. Ni ua liitwalo moyo unaovuja damu. Usicheke. Shina lake hupinda kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo huning'inia mioyo midogo ya rangi ya waridi, kila mmoja na tone jeupe chini yake. Linataka mboji, unyevu usiotuama, na kivuli. Jua la saa sita likililamba, basi tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka magoti yananisengenya.

3. Fundi wako aliyeleta jibu na kupima ukuta alisimama na mabuti yake katikati ya bustani yangu. Nilipopiga kelele, akatazama chini akasema mbona hapa patupu. Patupu! Maua haya, Ndugu Mwenyekiti, yakimaliza kuchanua hugeuka manjano, yakanyauka, yakapotea kabisa, mzizi ukalala ardhini kungoja msimu wake. Hata mimi mwanzoni sikujua. Nililia, nikafunga duka kwa msiba, na dada yangu akaja na jembe apande vitunguu pale pale kaburini. Ilibidi jirani apande kigoda upande wake, atoe kichwa juu ya ukuta na kutufokea kwamba halijafa, limelala, tuchomeke kijiti tupajue na tuache kuchokonoachokonoa. Namtaka fundi wako aje ayaombe radhi maua yangu, tena kwa sauti ya chini, maana bado yamelala.

4. Tangu siku ile ya vitunguu, kila jioni jirani hupanda kigoda chake kuuliza mgonjwa anaendeleaje, nami hupanda ndoo yangu kumpa taarifa. Taarifa yenyewe ni fupi: bado limelala. Lakini hutuchukua mpaka giza linaingia, kwa sababu kuna pia habari za wateja wake, ambao hupimwa wakiwa wembamba wakaja kuchukua gauni wamenenepa, kisha lawama zote zikaenda kwa cherehani. Ukibomoa ukuta, nani atapanda kigoda? Watu wasio na ukuta kati yao hupungiana mkono wakapita. Nimeishi peke yangu muda mrefu, Ndugu Mwenyekiti. Saa zote zile zilizojaa dukani kwangu huniambia wakati tu, hakuna hata moja inayoniuliza kama nimekula. Nasema wazi bila kuzunguka: sitaki kuupoteza ukuta ule.

5. Kwa hiyo naomba ukuta uongezwe kimo badala ya kupunguzwa. Naomba kigoda cha jirani kitangazwe kuwa mali ya umma, pasiwe na mtu wa kukihamisha. Na jua lenyewe liandikiwe onyo, kwa kuwa limezoea kuingia nyuani kwa watu bila hodi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mimi nimekubali kujenga ukuta.

Nisalimie shemeji na watoto, karani wako ambaye najua ndiye anayezisoma hizi kwanza, mlinzi wa getini, na hata yule fundi mwenye mabuti, Mungu amsamehe.

Wako kivulini,

Fundi Saa

Baada ya sahihi: Nilimsomea jirani barua hii kabla sijaituma, asije akayasikia kwa watu. Alicheka mpaka akaanguka na kigoda chake. Nikasikia kishindo, kisha kimya. Ndugu Mwenyekiti, nilijaribu kuuparamia ukuta ule nikashindwa, nikazunguka mtaa mzima mbio na ndara mguu mmoja, nikimlaani aliyejenga kitu kirefu namna ile. Nilimkuta ameketi chini, mzima wa afya, bado anacheka, akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huu. Nikatazama huku na huku. Chini ya mparachichi wake kuna kivuli kinachokishinda changu mara nyingi, na pamejaa vijiti, kila kimoja na ua lake linalolala, na nafasi ya maua yangu ipo. Kwa hiyo mwambie fundi aje aubomoe wote, asibakize tofali. Akiweza Jumapili, aje Jumapili. Aangalie tu asikanyage penye kijiti.