Saa Sitini Bila Kula

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka profesa, kasoro barua tu. Kamati ya vyeo inakaa Ijumaa. Mwenyekiti amebandika tangazo: safari hii wataangalia pia mtu amenukuliwa na watafiti wenzake mara ngapi. Nikafungua kompyuta kwa mbwembwe. Miaka kumi na tisa ya kutafiti matumbo, makala kumi na moja. Nimenukuliwa mara tisa. Saba nimejinukuu mwenyewe. Ya nane ni shemeji yangu, mtaalamu wa udongo. Wa tisa simjui, Mungu ambariki.

Jirani yangu wa korido ni bingwa wa maradhi ya ini, kitengo kizima tunamwita Mama Ini. Nikamwuliza yake ni ngapi, kwa kuzugazuga. Elfu moja mia moja na thelathini. Alijibu huku akimenya chungwa, hata hakuinua macho.

Jumanne, 4 Machi
Mkakati umeanza. Nimewapigia wanafunzi wangu wote wa zamani. Wengi simu zao zilikatika ghafla. Mmoja, sasa daktari wa meno, anamalizia makala kuhusu fizi. Nikamweleza kwamba fizi ndiyo mlango wa tumbo. Akacheka, akaahidi kuniweka.

Jioni kanitumia sentensi yenyewe. Inasema utafiti wenye wagonjwa wachache mno hauaminiki, na mfano mzuri ni wangu. Nilinuna kama dakika mbili. Kisha nikajiambia: mashine haisomi, inahesabu. Kumi!

Jumatano, 5 Machi
Wanaotunza zile hesabu wameingiza majarida mengi mapya, na asubuhi hii nimekuta sitini na moja. Karibu yote yananukuu makala moja, ile ya miaka sita iliyopita kuhusu kumwandaa mgonjwa anayemulikwa tumbo kwa kamera. Nimemwambia Mama Ini. Nimemwambia mlinzi. Nimenunulia ofisi nzima biskuti.

Mke wangu, mwalimu wa hisabati, akauliza hao watu wanasema nini hasa kunihusu. Nikamjibu kuwa hilo ni swali la watu wasionukuliwa. Kanitazama kama anavyotazama mtihani uliojibiwa kwa penseli.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Ini kabisha hodi saa tatu, kwapani ana rundo la makala zinazoninukuu. Yeye kazisoma. Kaniwekea kidole kwenye jedwali langu la pili: mgonjwa akae bila kula saa 60 kabla ya kipimo. Ilitakiwa 6. Sifuri moja imejipenyeza, na madaktari wote hao wananinukuu kuonyana. Mmoja kaeleza habari za dereva mstaafu aliyefuata karatasi aliyopewa kwa uaminifu, siku mbili na nusu, akaanguka kwenye foleni ya kujiandikisha. Alipona. Lakini nilizisogeza kando biskuti zilizobaki.

Mama Ini hakucheka. Alivuta kiti.

“Andika sahihisho leo hii, ndugu yangu. Mimi nakaa hapa hapa.”

Tulikaa hadi saa kumi, yeye akikagua kila tarakimu. Nikalituma. Aibu ilinishika kwelikweli, ikanishika mpaka kwenye ngazi. Nilipofika chini nikachungulia simu. Sitini na mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Kamati. Mwenyekiti akauliza kuhusu ile sifuri. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba leo hakuna daktari wa tumbo asiyejua saa sahihi za kukaa bila kula, na wote wameyajua hayo kupitia kwangu. Mjumbe mmoja alikohoa hadi akatoka nje.

Uprofesa hamna. Nirudi baada ya miaka mitatu. Mwenyekiti kasema kilichoniokoa na barua ya onyo ni lile sahihisho, nimshukuru mwenzangu. Nimemshukuru. Kasema si kitu.

Nyumbani mke wangu kanipa chai, akakaa karibu yangu, akauliza kwa upole, “Sasa umeelewa, mume wangu?” Nikamwambia nimeelewa kabisa. Na nilikuwa nasema kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Barua pepe kutoka jaridani! Sahihisho limekubaliwa. Litachapishwa peke yake, kwa jina langu, kwa namba yake, na yeyote anaweza kulinukuu. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Yaani sahihisho ni chapisho. Kosa moja, machapisho mawili!

Nimeshusha kabatini zile makala kumi zilizobaki, nimenunua kalamu nyekundu, nimejifungia chumbani. Kufikia mchana nimepata makosa kumi na manne, mengine ya kupendeza sana. Mke wangu kabisha, akauliza mbona napiga mluzi. Nikamwambia asinisumbue, kumbe muda wote huu nilikuwa nimekalia hazina.