Foleni ya Mlango wa Dokta Noel

Jumatatu, 12 Mei 2025

Ukungu tena. Umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kabla ya chai, umemeza shule, kanisa na choo cha kituo cha afya. Nikasimama dirishani nikawaza: ndani ya weupe ule wagonjwa wangu wanapanda taratibu kutoka Kansay na Buger, wanaulizana, eti ni kweli amekuja daktari aliyesomea Urusi? Ni kweli, ndugu zangu. Njooni!

Wamekuja. Wote wamekaa kwenye benchi la Mzee Hhando.

Hhando ni tabibu wetu. Yupo hapa tangu kituo kikiwa zahanati. Hajawahi kupanda ndege. Mimi nimesomea kwenye mji ambao mto wake unaganda hadi malori yanapita juu. Mlangoni kwangu imeandikwa DKT. NOEL kwa herufi kubwa. Nimeziandika mwenyewe. Kilichoingia leo ni upepo tu.

Mama mjamzito, Lukresia, mkulima wa Buger, nilimkaribisha kwa mikono miwili. Akasema asante, anamsubiri Hhando. Nikamwambia Hhando ana watu wengi. Akasema ndiyo maana amekuja na kitambaa chake cha kudarizi.

Imeniuma. Lazima nipange mkakati.

Jumanne, 13 Mei

Mkakati: mwonekano. Nimevaa koti langu la Urusi, lile linalofungwa begani, na ile kofia ndefu nyeupe ya wapasuaji wa kule. Nikasimama karibu na tangi la maji nikaongea Kirusi kwenye simu, kwa sauti. Mtandao haukuwepo. Nani angejua? Nilikuwa nakariri namna ya kupika supu ya kabichi.

Mzee mmoja akanisogelea, akavua kofia yake. Moyo ukaruka! Akauliza napikia hoteli gani ya watalii, na kama wanahitaji mlinzi, maana kijana wake ana nguvu.

Sista Bernadina, muuguzi wetu mkuu, akakimbilia stoo. Nikasikia mabeseni yanaanguka. Alikuwa anacheka.

Jumatano, 14 Mei

Lugha! Siri ya Hhando ni kwamba anaongea Kiiraqw na hawa bibi. Nikamwomba anifundishe kuuliza mtu anaumwa wapi. Akanifundisha bila kinyongo, akanionya kwamba sauti inapanda na kushuka, nikipandisha mahali pasipo pake nitakuwa nimesema jambo jingine. Nikamwambia Kirusi hakikunishinda, sembuse hiki.

Bibi wa kwanza alinisikiliza kwa makini. Akanijibu kwa Kiswahili kwamba yule mbuzi ameshauzwa mnadani, nimechelewa. Akanipa pole. Kisha akaenda kwa Hhando.

Mchana simu ikaja kutoka wilayani. Kesho kuna semina Karatu mjini, kituo kitoe mtu mmoja. Hhando! Nimelitaja jina lake hata kabla hawajamaliza. Na aende na gari la wagonjwa, mzee wa heshima hawezi kupakiwa bodaboda kwenye tope. Bernadina akanitazama. Akauliza, je, akitokea wa kupasuliwa? Maana hapa kituoni aliyesomea kuchoma ganzi ya mgongo ni Hhando peke yake. Nikamwambia tangu nifike hajatokea hata mmoja.

Nikakaa barazani nikaiona kesho yangu: benchi limejaa, na macho yote yanatazama mlango mmoja.

Alhamisi, 15 Mei

Hhando ameondoka na suti. Amenishukuru sana kwa kumpendekeza, ni muda mrefu hajaitwa semina. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Benchi lilijaa. Bernadina akawatangazia kwamba Hhando hayupo. Wakainuka wakarudi makwao. Mmoja alipona palepale.

Ndipo akaletwa Lukresia, juu ya tela la trekta. Uchungu umempata. Nikapapasa tumbo: mtoto amelala kukingama, kichwa kiko ubavuni. Huyu hapiti! Ni upasuaji tu. Kupasua najua, na hapo sina mzaha. Lakini mchoma ganzi yuko Karatu. Na gari la kumkimbiza mama Karatu ndilo lililompeleka mchoma ganzi. Na aliyepanga hayo yote ni mimi. Mimi!

Nikapanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Hhando hakuuliza maswali. “Nakuja. Mlaze ubavu wa kushoto, mwekee dripu, halafu uongee naye. Usimwache na hofu yake.”

Niongee nini? Nilichokuwa nacho ni theluji tu. Nikamweleza Lukresia jinsi inavyoanguka bila sauti, siyo kama mvua. Unaamka asubuhi unakuta mji mzima umetandikiwa shuka, hata mbwa wanatembea kama wanaogopa kuamsha mtu.

“Na ng'ombe je, wanakula nini?” akauliza.

Nikasema wanalazwa ndani, wanapewa majani makavu.

“Wote?”

Wote. Uchungu ukaja, akanibana mkono hadi nikaona nyota, ukapita. Akabaki amefumba macho.

“Na mwenye ng'ombe, akilala anawasikia wakipumua?”

Nikasema anawasikia. Nilijuaje? Miaka yote ile sikuona hata ndama. Lakini nilipokwisha kusema, niliwasikia. Naamini na yeye aliwasikia. Ukungu ulikuwa umebana madirisha, ikawa kana kwamba duniani tumebaki watu watatu, na wa nne anayekataa kugeuka. Bernadina alikuwa anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Alinipa ishara kwamba ni mazuri. Baadaye akaacha kunitazama usoni.

Nilisali. Kwa Kichaga, kama nyumbani Marangu.

Hhando alitokea ndani ya ukungu juu ya bodaboda. Gari lilikwama bondeni, akaliacha na dereva wake. Suti ilikuwa tope hadi kwenye tai. Akanawa, akavaa, akachoma. Nikakata. Mtoto wa kike, amelegea, kimya. Bernadina akampokea, akamsugua mgongo kwa taulo. Kimya bado. Sijawahi kusikia kimya kirefu namna ile, hata kule kwenye theluji. Kisha akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa usingizi mtamu.

“Dokta,” akasema Hhando wakati nashona, “una mkono mzuri.”

Nikageukia ukutani kidogo. Ni jasho tu.

Ijumaa, 16 Mei

Foleni! Mlangoni kwangu! Imejaza benchi, imepita tangi, imefika kwenye miti ya migrevilea! Nikavaa koti, nikamwita wa kwanza, nikamuuliza anaumwa nini. Haumwi. Amesikia habari za ng'ombe wanaolala ndani. Wa pili haumwi pia. Anataka kujua maziwa yanagandia ndani ya ng'ombe au nje. Wagonjwa wako kwa Hhando.

Nimesimulia hadi sauti imekauka. Nimeamua kuwahesabu wote kuwa wagonjwa.

Jumapili, 18 Mei

Lukresia ametuita wodini, amepata jina la mtoto. Nilijua. Noela! Asubuhi nilifanya mazoezi mbele ya kioo, namna ya kushtuka, namna ya kusema jamani sikustahili.

Akasema mtoto ataitwa Bernadina. Eti siku ile, kwa pale alipolala, hakuona kingine ila mikono ya Bernadina ikimsugua mwanawe hadi akalia.

Nilishtuka vizuri sana. Bernadina alilia, Hhando akapiga makofi, na mimi nikapiga.

Sasa nimekaa barazani nafikiri. Jua limetoka, mashamba yanaonekana hadi mbali. Kule wapo wanawake wengi wajawazito. Wakimkuta Bernadina wodini kila mara, majina mengine yatapata wapi nafasi? Nasikia wilayani wanatafuta muuguzi wa kwenda kozi ya ukunga. Kozi ndefu. Chuo kiko mbali. Anastahili, mama wa watu! Kesho nitapanda juu ya lile jiwe nikampendekeze. Bernadina atauliza, nani atapokea watoto? Maswali yake siku zote ni hayohayo.

Nafumba macho, nawaona wanapanda kilima mmoja mmoja, na kila mmoja amebeba mgongoni Noela wake.